Kutoka maabara hadi mwaloni: mwongozo wa kufanya utafiti wa pamoja Uganda

Mwongozo huu ni wa mtu aliyezoea utafiti ndani ya fani yake, awe chuo kikuu cha Makerere, Gulu au Busitema, au kwenye shirika fulani pale Hoima, na sasa ameambiwa mradi unaofuata lazima uwe wa taaluma mbalimbali na ushirikishe jamii. Maneno hayo yamejaa kwenye maandiko ya miradi. Kinachofuata mara nyingi ni kwamba kila mtaalamu anakusanya data kivyake, wanakijiji wanahojiwa na kupewa soda, kisha mtu mmoja anazibana ripoti nne kwa pini na kuziita moja.

Kufanya kazi pamoja kweli ni ufundi, na unajifunzika. Kwa maoni yangu, sehemu kubwa ya ufundi huo iko kwenye siku ya kutunga swali. Aliyekuwepo siku hiyo ni mwenye mradi. Anayeletwa baadaye ni mgeni, hata ukimpa cheo kirefu namna gani. Hatua karibu zote hapa chini zinahusu kumwingiza mapema mtu anayeishi na tatizo, na kuzuia asisukumwe tena hadi akawa mhojiwa tu.

Nitashika mfano mmoja: ukaushaji wa muziri, wale samaki wadogo wa Ziwa Albert wanaofanana na mukene (dagaa) wa Ziwa Viktoria. Wanavuliwa usiku kwa taa, wanafika mwaloni, yaani ufukweni mitumbwi inaposhushia samaki, alfajiri, na wanawake ndio wanaowaanika, wengi wao juu ya mchanga mtupu. Mvua ikinyesha, wanaoza. Wakijaa mchanga, wanauzwa kwa bei ya kutupa wakawe chakula cha kuku. Hapo pana kazi ya mtaalamu wa uvuvi, wa lishe, wa usalama wa chakula, wa uchumi, na mhandisi. Pengine hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuanika samaki.

Kwanza, ondoa shaka

Kama bado unadhani mtu asiye na shahada huleta maoni tu, kumbuka Ebola ya Gulu ya mwaka 2000. Mlipuko ule, uliofika hadi Masindi na Mbarara, uliwapata watu 425 na kuua 224. Wanaanthropolojia walioalikwa na Shirika la Afya Duniani waliwakuta Waacholi na kanuni zao za tangu zamani za kukabili gemo, maradhi yanayoingia ghafla na kuua wengi. Mgonjwa awekwe nyumba ya peke yake, mbali na nyingine. Ahudumiwe na mtu aliyeugua akapona. Mlangoni pasimikwe matete mawili marefu yawe alama. Watu wasitembeleane, ngoma zisimame, na aliyepona akae kando mwezi mmoja zaidi. Daktari wa hospitali asingeandika tofauti sana.

Lakini tusipambe mambo. Jamii hiyo hiyo ilikuwa na desturi ya kuosha na kugusa maiti wakati wa mazishi, na huko ugonjwa ulienea. Kushirikiana hakuna maana ya kukubali kila unachoambiwa. Kila upande unaleta ujuzi wake ukapimwe mbele ya mwingine, na hilo linamhusu profesa pia.

Hatua ya 1: tafuta tatizo ambalo tayari lina mwenyewe

Usianze na fani yako ukatafuta mahali pa kuitumia. Anza pale watu wanapolalamika: kwenye vipindi vya redio vya kupiga simu, kwenye mikutano ya gombolola (eneo la utawala chini ya wilaya), kwenye daftari la malalamiko la afisa uvuvi. Kisha angalia kama kuna mtu ambaye amekwisha kutumia fedha yake kupambana na jambo hilo. Mwaloni utaona wanawake walionunua nyavu kuukuu wazitandike chini ya samaki, na mmoja au wawili waliojenga vichanja vya miti. Hao wamefanya utafiti wa awali kwa gharama zao, kwa hiyo waulize kilichowashinda.

Tatizo ambalo hakuna mtu yeyote amelitolea hata shilingi linaweza kuwa tatizo la mfadhili peke yake.

Hatua ya 2: kusanya watu wachache

Kiini cha timu kisizidi watu sita au saba. Kwa upande wa chuo, usiangalie sifa za kitaaluma pekee. Tafuta mtu anayeweza kusema "sielewi" mbele ya wanafunzi wake. Wapo, ila ni adimu kuliko wenye machapisho mengi.

Kwa upande wa mwaloni kuna mtego. Ukifika utaletewa mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) na kiongozi wa wavuvi. Waheshimu, kwa sababu bila wao hukai, na usiku ukipata shida wao ndio watakaokuja. Ila usiishie hapo. Zile kamati za mwalo zilizoitwa BMU zilisimamishwa mwaka 2015, na tangu hapo nani anamsemea nani linategemea mwalo wenyewe. Uliza swali jepesi: nani anageuza samaki juani? Nani analipa gari la kuwapeleka sokoni? Majibu ya maswali hayo mawili yatakupa mkaushaji na mchuuzi, ambao huwaoni kwenye meza kuu. Ongeza afisa uvuvi na afisa maendeleo ya jamii wa gombolola.

Lugha nayo ipangwe sasa, isingoje siku ya mahojiano. Kwenye mialo ya Ziwa Albert kama Wanseko, Butiaba, Panyimur au Ntoroko utasikia Kialur, Kinyoro, Kigungu na lugha za ng'ambo ya Congo, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha wavuvi na wachuuzi. Kina faida moja kubwa: si lugha ya mama ya wengi pale, kwa hiyo hakuna kabila linalojiona mwenyeji wa kikao. Lakini wanaume waliozunguka na mitumbwi mara nyingi hukisema vizuri kuliko wake zao. Ukiendesha kikao kwa Kiswahili tu, utaona wanawake wanaitikia kwa kichwa, kisha wanateta kwa Kialur wakishatoka nje. Weka mkalimani wa kike, na umlipe kama mtafiti msaidizi.

Hatua ya 3: tungeni swali pamoja

Hapa ndipo pa kutumia muda bila ubahili. Miezi miwili si mingi.

Anza na kalenda. Muziri huvutwa kwa taa, na taa hazina nguvu mbalamwezi ikiwa kali. Siku za mwezi mpevu mitumbwi hupumzika, nyavu hushonwa, na watu wana nafasi ya kuongea. Ukiitisha kikao usiku wa giza au asubuhi yake, utapata wazee na watoto. Nimeona warsha nzuri ikikosa watu kwa sababu tarehe ilichaguliwa Kampala kwa kufuata ratiba ya chuo, halafu ripoti ikaandika kwamba mwamko wa jamii ni mdogo.

Msimu nao ni vivyo hivyo. Mvua za Machi hadi Mei na zile za mwisho wa mwaka ndizo zinazoharibu samaki, kwa hiyo usipange kuja kiangazi peke yake, wakati kila mtu anatabasamu.

Kikaoni, usifungue na andiko lako. Waombe watu wakuonyeshe njia ya samaki tangu mtumbwi unapogusa nchi kavu hadi gunia linapofungwa, huku mkitembea. Mchore ramani ardhini kwa kijiti. Wekeni punje za maharagwe penye hasara: punje nyingi pale inapouma zaidi. Wanawake wachore yao, wavuvi yao, wachuuzi yao, na wataalamu nao wachore yao. Kisha ziwekwe sambamba. Pale ramani zinapopishana ndipo penye swali.

Nilishuhudia kikao ambacho mhandisi kijana alikuja na kikaushio cha jua, kibanda kizuri cha nailoni chenye trei ndani. Swali la mradi wao lilikuwa limekwisha kuandikwa: kwa nini wanawake hawavitumii vikaushio bora? Mama mmoja alikizunguka kibanda, akainama akahesabu trei, akasimama.

"Mwanangu, hiki kinabeba mabeseni mangapi?"

"Mawili, mama. Ukibana, mawili na nusu."

"Mtumbwi mmoja ukileta kumi na tano kwa mpigo, yale mengine nitayaweka wapi? Nimwambie mvuvi arudi nayo ziwani?"

Watu wakacheka, na mhandisi, kwa bahati nzuri, akacheka pia, kisha akatoa kalamu. Mazungumzo ya mchana ule yakahamia kwenye saa chache kati ya mtumbwi kufika na jua kupanda, wakati samaki wote wanamwagwa kwa mara moja na mikono haitoshi. Swali jipya likawa ni namna ya kupunguza hasara katika saa hizo, na kikaushio kikabaki jibu mojawapo kati ya mengi. Swali la "kwa nini hawakubali" karibu kila mara limetungwa na upande mmoja. Ukilikuta kwenye andiko lako, lifute.

Hatua ya 4: vibali, na jinsi ya kutofungwa navyo

Utaratibu wenyewe unajulikana. Andiko linapita kwanza kwenye kamati ya maadili iliyoidhinishwa, kisha linasajiliwa na Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, UNCST, ambalo sasa hupokea maombi kwa mfumo wa mtandaoni. Kisha unajitambulisha wilayani kwa RDC (mwakilishi wa rais) na CAO (mtendaji mkuu wa wilaya), unashuka gombolola, unamalizia kwa LC1. Makazi ya wakimbizi, kama Kyangwali, yanahitaji pia ruhusa ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Ukiingia kwenye hifadhi, ya mamlaka ya wanyamapori. Sampuli zikivuka mpaka, unahitaji mkataba wa kuhamisha sampuli.

Shida ya utafiti wa pamoja ni nyingine: kamati inataka kuona dodoso lililokamilika, nawe umesema swali litatungwa na watu. Zipo njia mbili. Ya kwanza ni kufanya ziara za kufahamiana kabla ya kuomba kibali, bila kukusanya data wala kurekodi mtu, kisha uandike andiko lenye swali lililotoka huko. Ya pili ni kuomba kwa awamu: awamu ya kwanza ina vikao na ramani, na vifaa vya awamu ya pili vinapelekwa baadaye kama marekebisho. Marekebisho lazima yaidhinishwe kabla ya kutumika, kwa hiyo acha wiki za kusubiri kwenye ratiba. Mimi napendelea ya kwanza, ila inadai fedha ambazo mfadhili bado hajazitoa, na vijana wengi hawana.

Fomu ya ridhaa iwe kwa lugha anayoielewa mtu. Ni kweli Baraza la Mawaziri lilipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2022, lakini hilo halimfanyi mama wa Panyimur akisome. Asiyeandika aweke dole gumba mbele ya shahidi.

Hatua ya 5: fedha na majina, kwa maandishi

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Kabla ya data yoyote, kaeni mwandike karatasi moja, kwa lugha nyepesi, yenye mambo haya: nani analipwa nini na kwa siku zipi, nani anatunza data, nani anaweza kusema hapana kabla matokeo hayajatangazwa, na majina ya nani yatakuwa kwenye chapisho.

Posho ndiyo huvunja timu nyingi. Mtaalamu analipwa usiku wa hoteli, mkaushaji anapewa nauli ya boda na asante. Hesabu siku yake ya kazi kama unavyohesabu yako. Mama akija kikaoni asubuhi ya kuanika, kuna mtu anayemlipa awageuze samaki wake na kufukuza ndege, na gharama hiyo ni ya mradi. Lipa kwa simu, ili ushahidi ubaki, maana risiti ya mwaloni huipati na mhasibu wa chuo hatakuelewa. Andaa karatasi ya kupokea fedha yenye sahihi kwa wasio na laini zao wenyewe, na ujue kwamba kumtumia mke fedha kwenye simu ya mume ni kumlipa mume.

Kuhusu majina: majarida mengi yanadai kila mwandishi awe ameshiriki kuandika au kuhakiki andiko. Mkaushaji asiyesoma Kiingereza atatupwa kwenye shukrani, hata kama wazo lilikuwa lake. Msomee rasimu kwa lugha yake, pokea masahihisho yake, yaandike. Hapo ameshiriki uhakiki kihalali. Au tumia jina la kikundi kama mwandishi, jambo ambalo baadhi ya majarida hulikubali. Na umuulize kwanza kama anataka jina lake lionekane. Wengine hawataki, na wana sababu.

Hatua ya 6: vipimo na usalama wa data

Kila fani ina kitu inachokiita ushahidi. Mchumi anataka namba, mwanaanthropolojia anataka mazungumzo marefu, mtu wa maabara haamini chochote kisichopita kwenye oveni. Msibishane hewani; nendeni mkapime kitu kimoja kwa njia zote.

Chukua ukavu. Mkaushaji mzoefu hukamata konzi ya muziri na kuifinya karibu na sikio. Waliokauka sawasawa hutatarika. Wenye maji bado hunyamaza, na wengine hubaki kiganjani. Ingiza jaribio hilo kwenye muundo wa utafiti: yeye afinye na kutoa hukumu bila kuona namba za maabara, sampuli ile ile ipimwe unyevu bila maabara kujua hukumu yake, kisha mlinganishe. Mkikubaliana, mmepata kipimo cha bure kinachoweza kufundishwa kila mwalo. Mkipishana, mna jambo la kuchunguza. Vyovyote iwavyo, wote wawili wamekuwa wapimaji.

Angalia pia vipimo vya soko. Mchuuzi hununua muziri wakavu kwa debe lenye kichwa na kuuza kwa debe lililosawazishwa kwa kiganja. Karani akiandika "debe 1" pande zote mbili, faida ya kile kichwa inapotea kwenye takwimu, na mchumi ataandika kwamba biashara hiyo hailipi huku akishangaa kwa nini watu hawaiachi. Dawa ni mizani: pima madebe kadhaa ya kila aina, sokoni hapo hapo, mchuuzi akiwepo.

Usalama usiuchukulie kama mstari wa kujaza fomu. Mwaka 2017 wanajeshi waliletwa kusimamia sheria za uvuvi kwenye maziwa, na nyavu za muziri ni jambo lenye moto. Namba ya mtumbwi, picha ya wavu au alama ya mahali kwenye simu ya karani inaweza kumtia mtu matatani. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inakutaka ukusanye kile tu unachokihitaji. Usirekodi kinachoweza kumfunga mtu kama swali lako ni la ukaushaji, na picha zote zipitiwe kila jioni na mtu wa mwaloni kabla hazijapelekwa popote. Kundi la WhatsApp la timu ni zuri kwa kupanga safari, lakini picha za kazi zisitumwe humo.

Hatua ya 7: someni matokeo pamoja

Usirudi na hitimisho. Rudi na jedwali ambalo halijafafanuliwa, lichorwe kubwa kwenye karatasi ya ukutani, uulize: hii inatokana na nini? Mtu wa takwimu ataona samaki walioharibika wengi siku fulani za wiki na kufikiria joto. Mchuuzi anaweza kukukumbusha kwamba siku hizo magari yako kwenye soko la upande wa pili, na samaki hulala kwenye magunia.

Pale msipokubaliana, acheni tofauti ionekane kwenye ripoti, kila upande na sababu zake. Wasimamizi wengine hawapendi hivyo. Wanataka sauti moja. Shikilia, maana afisa wa wilaya anayeisoma atafaidika zaidi akijua mapema wapi pana mabishano.

Hatua ya 8: rudisha kabla ya kuchapisha

Chapisho linaweza kuchukua mwaka au miwili. Mwaloni hakuna anayengoja. Mkutano wa kurudisha matokeo ufanyike siku za mbalamwezi, na kipindi cha redio kiendeshwe na mkaushaji na mtafiti wakiwa pamoja studioni, bila mmoja kumtafsiri mwingine. Nakala fupi za matokeo zikae kwa katibu wa kikundi, kwa afisa uvuvi na gombolola.

Tarehe ya kufanya hivyo isichaguliwe ovyo. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai, na wilaya huitisha mikutano ya bajeti miezi mingi kabla, kwa kawaida karibu na mwisho wa mwaka wa kalenda. Kama matokeo yenu yanasema vichanja vya kuanikia vingeokoa samaki wa msimu wa mvua, karatasi hiyo lazima iwe mkononi mwa diwani wa gombolola kabla ya mkutano huo, na afadhali aipeleke mkaushaji mwenyewe, kwa sababu diwani anahitaji kura yake. Ikifika Februari, ombi lenu huenda likalazimika kungoja bajeti ya mwaka unaofuata, na wakaushaji watakuwa wamepita misimu mingine ya mvua wakianika mchangani.